Siku Baba Alipozima Jenereta

Kuna harufu moja ambayo watu wa Juba wameacha kuisikia, kama mtu anavyoacha kusikia jasho lake mwenyewe. Ni harufu ya dizeli iliyomwagika kwenye mchanga wenye joto, muda mfupi baada ya jenereta kubwa kuwashwa, wakati moshi mweusi wa kwanza bado unatafuta pa kwenda. Mimi bado naisikia. Juzi niliikuta asubuhi nje ya duka la dawa, nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa jina. Vijana wa boda walinipigia honi na kunitukana kwa lugha tatu. Nilikuwa nimerudi kwenye miaka yangu kumi na mmoja, nimevaa gauni la njano lenye kola nyeupe, na uso nimeukunja.

Nisiwafiche jambo, maana mkilisikia kwa mtu mwingine litawafikia baya zaidi: nilikuwa mtoto mwenye dharau. Wapo watoto wanaotoa ulimi nje na kukimbia. Mimi sikuwa wa aina hiyo. Dharau yangu ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Nilizaliwa Kitale, Kenya, ambako familia ya mama ilikimbilia wakati wa vita, na huko shuleni nilikuwa wa kwanza katika Kiswahili mihula minne mfululizo. Mwalimu alikuwa akisoma insha zangu mbele ya darasa la juu yetu, wale wakubwa wakinitazama kwa chuki. Nilizoea kutazamwa hivyo. Nilidhani ndivyo dunia nzima itakavyonitazama.

Baba yeye ukimbizi wake aliumalizia Uganda, Arua kwanza, kisha Kampala. Alikuja Kitale kutengeneza mashine ya kusaga unga, akamkuta mama dirishani akipima mahindi, na mashine ile ikawa inaharibika kila wiki mpaka walipooana. Nilipokuwa na miaka mitatu alirudi Juba kututafutia makao. Kwa hiyo kwangu baba alikuwa mgeni wa Krismasi: mtu mrefu mwenye kucha nyeusi, aliyeleta karanga ndani ya soksi na kuzungumza Kiswahili kibaya kuliko chochote nilichowahi kusikia. "Mimi iko," alisema. "Mutoto yangu iko wapi?" Nilipokuwa mdogo nilicheka. Nilipojua ngeli, niliona aibu.

Tulipomfuata Juba, mimi, mama na mdogo wangu Wani ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kutembea, nilikuta kila kitu kikistahili dharau yangu. Nyumba yetu ya mabati huko New Site ilikuwa na joto la kukaanga mayai. Maji yalikuja na lori. Kisra, ule mkate wao mwembamba wa mtama, niliiona kama kitambaa cha kudekia. Shule ilifundisha kwa Kiingereza, na uwanjani watoto walizungumza Kiarabu cha Juba, kwa hiyo taji langu la Kiswahili halikuwa na mtu wa kuliona. Nikalishika kwa mikono miwili. Nilimsahihisha baba mezani, mlangoni, mbele ya wateja waliomletea jenereta mbovu. Yeye alicheka tu, akarudia nilivyosema, akakosea tena upya. Mama ndiye aliyekuwa akinitazama pembeni na kusema, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Nilimjibu kimoyomoyo kwamba mimi nimevaa viatu.

Jioni moja baba aliingia akiwa ameosha mikono hadi kwenye viwiko, jambo ambalo hakulifanya bila sababu.

"Mimi ilipata kazi ya tamasha," alisema. "Ile ya muziki, kabila yote, nchi yote, kule chini karibu na mto. Jenereta yao kubwa, mimi ndiyo nitaangalia. Na sisi yote inaenda."

"Sisi sote tutaenda," nikasema.

"Eh. Sote inaenda."

Halafu akakaa, akamweleza mama mengine polepole. Kampuni iliyoandaa tamasha ilikuwa na kambi yake mjini yenye jenereta tatu, na fundi wao wa zamani alikuwa ameondoka. Meneja alikuwa amemwambia baba kwamba siku ikipita bila hitilafu, kazi hiyo ni yake: ya mwezi hadi mwezi, na chumba cha kuweka vifaa. Mama aliacha kukanda unga. Baba akanigeukia. "Ikitokea hivyo, wewe narudi Kitale. Shule ya kulala."

Usiku ule sikumsahihisha tena. Nilihisi amestahili mapumziko.

*

Tamasha lilikuwa kwenye kiwanja upande wa Juba Na Bari, ukingoni mwa Nile. Juu ya lango kulikuwa na bango refu lililosema kwa Kiingereza kwamba sisi sote ni wamoja. Chini ya bango kulikuwa na njia mbili za kuingilia, moja ya wageni waalikwa na nyingine ya sisi wengine tulio wamoja. Upande wa waalikwa lilisimamishwa hema jeupe lenye makochi, mazulia na mapangaboi marefu yaliyogeuza shingo huku na huku kama mabata. Upande wetu kulikuwa na jua.

Nalisema hili sasa kwa midomo iliyopinda, lakini siku ile sikuona ubaya wowote. Niliona kwamba ndani ya hema ndiko kunakowastahili watu kama mimi.

Meneja alitupokea langoni. Kijana wa kwetu, mnene kiasi, mwenye miwani myeusi na shati lililobana kifuani. Alipofungua mdomo, moyo wangu uliruka. Alikuwa amekulia Nairobi.

"Karibuni, karibuni! Mzee, hii ndiyo familia? Poa sana. Madam, habari? Na huyu mtoi anaitwaje?"

"Naitwa Poni," nikasema. "Nimefurahi sana kufika mahali hapa. Mandhari yenu yanapendeza."

Akavua miwani. "Manze! Umesikia huyu? Unabonga fiti kuliko hata mimi. Umetoka wapi wewe?"

"Kitale."

"Kitale! Nyumbani kabisa!" Akaniletea soda baridi kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia baba, "Mzee, huyu umezaa. Huyu atakuja kukaa kwenye hema lile." Kwa miezi saba hakuna mtu aliyekuwa amenisifu. Siku ile, kama angeniambia nimfuate kwenye maji, ningevua viatu.

Jenereta iliwekwa nyuma ya jukwaa, kubwa kama kontena dogo, rangi ya kijani iliyobabuka. Baba aliizunguka, akaipapasa, akainama kusikiliza tumbo lake, kisha akaiwasha. Moshi ukapanda, dizeli ikanuka, spika zikakohoa, watu wakapiga makofi. Mama alitandika kanga kando yake, akaketi na Wani. Mimi nilisimama mbali kidogo ili nisichukuliwe kuwa mmoja wa watu wa jenereta.

Lakini hatukuwa peke yetu pale. Kwenye kivuli kile chembamba cha mashine, upande unaotema hewa ya moto, waliketi wanawake kumi na wawili waliofika tangu saa mbili asubuhi wakiwa nyuma ya lori la matofali kutoka upande wa Nesitu. Walikuwa kikundi cha ngoma. Walivaa sketi za kitambaa kimoja cha bluu na rozari za plastiki shingoni, na miguu yao ilikuwa na vumbi jekundu hadi magotini. Kiongozi wao alikuwa bibi mwembamba aliyeitwa Mama Kiden. Ngoma yake alikuwa ameifunika kwa blanketi la mtoto, ameipakata. Hakuna aliyewaonyesha pa kukaa wala pa kunywa maji. Baba aliwapa dumu lake, akaanza kuongea nao Kibari, lugha yake ya kuzaliwa, na sikuwahi kumsikia akiongea vile. Kwa Kibari hakukwama wala kutafuta neno. Aliwachekesha mpaka mmoja wao akafuta machozi kwa pindo la sketi. Jambo hilo badala ya kunifurahisha liliniudhi, kama kumwona mtumishi amevaa saa ya dhahabu.

Mama Kiden aliniambia kitu. Nikajibu, "Sielewi." Akacheka, akamwambia baba.

"Anasema wewe iko na macho ya nyanya yako," baba alitafsiri. "Mama yangu. Walicheza pamoja zamani, kabla ya kukimbia."

Nilijibu kwamba macho yangu ni ya mama, nikaenda kutembea.

Kulikuwa na mengi ya kutazama. Wahabeshi walikaanga kahawa na kuipepea ili moshi utufikie puani. Wakenya walichoma mbuzi. Bendi ya Wakongo ilijaribu magitaa, viatu vyao vikimetameta hata kwenye vumbi lile. Mzungu mmoja mwenye shati la kitenge alicheza peke yake kama mtu anayekanyaga siafu, na mwenzake akawa anapiga picha kamasi za Wani kwa makini sana. Muziki ulitoka Uganda, ukaenda Sudan, ukarudi Kongo. Nilikula nyama, nikanywa soda ya pili, na kwa mara ya kwanza tangu kufika Juba nilisahau kukunja uso.

Wanawake wa Nesitu walipangiwa saa tano. Saa tano ilipofika walisimama, wakafunga sketi vizuri, na mtu akaja kuwaambia wangoje kidogo. Wakaketi. Saa saba wakasimama tena, wakaambiwa Mheshimiwa mgeni rasmi yuko njiani. Wakaketi. Mheshimiwa alifika saa nane na nusu na magari sita, na hapo zikaanza hotuba. Zilikuwa hotuba za kusifu utamaduni wa wananchi, na wananchi wenye utamaduni huo walizisikiliza wakiwa nyuma ya jukwaa, migongo yao ikiungua kwa moto wa jenereta. Mmoja wao alianza kutapika kwa joto; mama akamlaza kwenye kanga yetu. Mama Kiden alimwendea Meneja akamwuliza kwa Kiarabu. Meneja alimjibu bila kumtazama, "Hamsa dagiga, mama," yaani dakika tano, akainua vidole vitano ili asirudie. Baada ya saa nzima aliulizwa tena, akainua vidole vile vile.

Niliona haya yote. Nilifikiri, kwa nini wasiende kwao tu?

Yapata saa kumi, sahani za pilau zikiingia hemani, mshereheshaji alishika kipaza sauti. "Sasa, wakati Mheshimiwa anapata chakula, tutachangamshwa kidogo na kina mama zetu kutoka shambani! Dakika tatu tu, kina mama! Mkizidisha, dijei atawafukuza na muziki!"

Watu walicheka. Mimi nilicheka kwa sauti, na nikageuka kuona kama Meneja ameniona nikicheka.

Wakaingia. Hawakupanda jukwaani, kwa sababu jukwaani kulikuwa na vyombo vya Wakongo. Walisimama chini, mchangani. Hakuna aliyewapa kipaza sauti. Mama Kiden aliondoa blanketi, akapiga ngoma mara moja, akasikiliza, akapiga tena. Wengine wakaanza kukanyaga, taratibu, kama watu wanaopima ardhi itakavyowabeba. Dakika mbili hazikuisha. Spika zikafunguka kwa muziki wa dansi, mkubwa wa kutikisa meno. Miguu ya wale wanawake ikapotezana. Mama Kiden aliendelea kupiga, tukiona mikono yake bila kusikia ngoma, akageuza kichwa huku na huku kutafuta kelele inatoka wapi. Watu waliangua kicheko. Mshereheshaji naye: "Asanteni, asanteni, pisheni sasa! Mama, na wewe! Bibi haelewi jamani!"

Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya jenereta. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Akafuta kiganja kwenye suruali. Akanyoosha mkono kwenye swichi kubwa nyekundu, na mkono ule ulitetemeka kiasi kwamba mara ya kwanza uliikosa. Nikaona vizuri. Nikamdharau kwa kutetemeka kwake hata kabla sijajua anataka kufanya nini.

Kisha akaizima.

Sijui kama mmewahi kuisikia Juba bila jenereta. Kwanza masikio huvuma. Kisha tukausikia mto, ambao siku nzima ulikuwa hapo bila mtu kuukumbuka. Mshereheshaji alikuwa bado anafungua na kufunga mdomo. Mapangaboi ya hemani yalipunguza mwendo, yakasimama, kila moja limetazama upande wake. Na chini pale, mchangani, ikasikika ngoma.

Walianza upya. Sauti ya Mama Kiden ilikuwa nyembamba na kali, wengine wakaipokea kwa chini, na wimbo ule ulifika mpaka langoni bila waya hata mmoja. Yule aliyekuwa akitapika aliinuka kwenye kanga yetu akaenda kujiunga. Wakenya waliacha mbuzi kwenye moto. Mpiga gitaa wa Kongo alishuka jukwaani na viatu vyake vya kumetameta, akaanza kupiga makofi. Mama, mama yangu aliyekataza kucheza kanisani zaidi ya kuyumba, alinibwagia Wani mikononi, akajifunga kanga kiunoni, akaingia. Sikuamini kwamba anajua. Baba alikuja kusimama nyuma yangu, anacheka, machozi yanamtoka.

"Unasikia? Anasema: mukubwa yetu amenona, ngoja, ngoja, mpaka anabebwa na watu mbili kwenda kuoga. Na mto ilimwona, mto ikasema, hapana, huyu mimi hapana weza!"

Niligeuka nikamtazama Mheshimiwa. Hakujua Kibari; akilowa jasho kwa kukosa pangaboi, alikuwa akipiga makofi kwa furaha.

Ilichukua kama robo saa. Kisha Meneja akaja mbio, shati limeganda mgongoni.

"Nani amezima stima? Mzee! Nini mbaya?"

Kicheko cha baba kilitoweka kama maji kwenye mchanga. Akainamisha kichwa. "Mashine ilichoka, bosi. Moto ilipanda sana. Mimi naacha kidogo ipoe."

Meneja alishusha pumzi. Nawaapia, alikuwa ameamini. Alikuwa tayari ameanza kugeuka, kwa sababu mafundi na mashine ni mambo ambayo watu wa hemani hawataki kuyajua kwa undani. Mambo yangeishia hapo. Baba angepata kazi ile, nami ningerudi Kitale na sanduku la chuma lenye jina langu.

Lakini nilikuwa nimesimama pale na uso wangu. Nilisikia uongo, na niliusikia kwa Kiswahili kile. Mbele ya mtu pekee katika Juba nzima aliyejua thamani yangu, baba yangu alikuwa anainama, anadanganya na kuvuruga ngeli.

"Si kweli," nikasema. "Haikuchoka wala haikupata moto. Ameizima yeye mwenyewe kwa makusudi. Nilimwona."

Meneja akanitazama. "Una uhakika?"

"Nina uhakika kabisa. Alitazama kwanza kama kuna mtu anamwona, ndipo akaizima."

Nilingoja sifa. Mpaka leo nakumbuka jinsi nilivyokuwa nimesimama, visigino vimegusana, kama siku za kusoma insha. Meneja hakunisifu. Alinipita kama unavyopita mlango uliokwisha kufunguliwa, akaiwasha jenereta mwenyewe. Spika zikalipuka, na wimbo ukafa katikati ya neno.

"Chukua spana zako, mzee," alimwambia baba, akipaza sauti juu ya kelele. "Na usiwahi kanyaga kwetu tena."

Baba aliokota spana moja moja, akazifuta, akazipanga kwenye mfuko wa sandarusi. Hakunitazama. Mama Kiden alikuja akitweta, ngoma kifuani, akitaka kumshukuru, akakuta anafukuzwa. Aliuliza swali fupi kwa Kibari, macho yake yakinipitia. Baba akamjibu kwa maneno mawili. Bibi akanishika shavu kwa mkono wenye joto la ngoma, akaenda zake kwenye lori la matofali.

Tulitembea kurudi. Wani alilala mgongoni kwa mama. Baba alitangulia njia nzima, mfuko wa spana begani. Tulipofika New Site alifungua kufuli, akanigeukia.

"Unajua umemfanyia nini baba yako? Na wewe mwenyewe, unajua umejifanyia nini?"

"Nimesema ukweli," nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

"Wacha mutoto," alisema baba. "Kweli alisema." Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akavua viatu. Akakung'uta vumbi kiatuni, akaongeza bila kunitazama, "Lakini siku ingine, kwanza unaangalia ile mutu iko nakuuliza."

Nilihesabu makosa katika sentensi ile. Kabla ya kwenda kulala nilimwuliza mama ni swali gani Mama Kiden alikuwa ameuliza. Mama alikisikia Kibari kidogo, ingawa hakukiongea. Alinijibu akiwa amenipa mgongo: bibi alitaka kujua nani amemsemea baba. "Na baba yako akajibu, mashine imesema."

*

Sikurudi Kitale. Nilisoma New Site, darasani watoto themanini, nikajifunza Kiarabu cha Juba kwa kutukanwa na Kibari kwa kusikiliza wateja wa baba. Tamasha lilifanyika mara mbili nyingine, likafa, na leo ukiwauliza watu hawakumbuki hata kiwanja. Meneja nilikutana naye miaka mingi baadaye kwenye ofisi fulani, amenenepa mpaka miwani imekuwa midogo. Hakunikumbuka. Nilimweleza kwamba nimetoka Kitale, akasema, "Poa sana," akaendelea na simu yake. Huyo ndiye niliyemuuzia baba yangu.

Siku hizi mimi ni mkalimani. Nakaa ndani ya hema. Mwaka jana, kwenye sherehe moja, niliona kikundi cha ngoma kikiwa kimesimamishwa juani tangu asubuhi, wazee kwa watoto, nami nikiwa chini ya pangaboi na chupa ya maji baridi. Nilimwambia mwandalizi kwa upole kwamba labda wapewe kivuli. Akasema dakika tano. Nikaitikia kwa kichwa, nikarudi kutafsiri hotuba. Kiswahili changu kilikuwa kizuri sana siku hiyo; watu wawili walinipongeza.

Siku iliyofuata nilimwendea baba kwenye kibanda chake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama ndani ya injini hadi kwenye bega.

"Baba, siku ile ya tamasha nilikukosea sana."

"Tamasha gani?"

Nikamkumbusha. Akafikiri, huku vidole vyake vikiendelea kutafuta kitu huko ndani.

"Ah, ile! Ile siku mimi ilifurahi."

"Ulifurahi nini? Walikufukuza. Mimi ndiye niliyekusemea."

"Eh, ilinifukuza. Lakini ile mutu ya miwani, mimi ilikuwa naogopa yeye sana. Mukono ilitetemeka, kuzima mashine tu ilikuwa shida. Na wewe, mutoto mudogo, ulisimama mbele yake, ukasema yako yote, hapana kuogopa hata kidogo. Njia yote mimi nasema ndani ya roho yangu: huyu mutoto, kwa dunia hii hataogopa mutu."

Alisema hivyo akitabasamu, shavu limeegemea chuma. Miaka yote ile nilidhani njiani alitembea kimya kwa hasira, au kwa kunisamehe, ambako kungekuwa kugumu zaidi kukubeba. Kumbe alikuwa akitembea na fahari yake.

Nilitaka kumweleza kwamba haukuwa ujasiri, kwamba nilikuwa najipendekeza kwa mtu aliyenipa soda, na kwamba kutoogopa ni rahisi sana ukiwa upande wa mwenye nguvu. Nikautazama mkono wake ulipokuwa ukitoka ndani ya injini, mweusi, wenye mishipa, na siku hizi unatetemeka hata bila sababu. Alitetemeka, akazima. Mimi sikutetemeka hata kidogo, siku ile ya tamasha wala mwaka jana chini ya pangaboi.